Wafalme Wawili na Askari Mmoja

Kamwene, mjukuu wangu Upendo. Hapa Njombe baridi ni ile ile, na ng'ombe wa baba yako amezaa jike. Tangu bibi yako atutoke nyumba imekuwa kimya, ila sitaki kukuchosha na hayo.

Umeuliza kwa nini nilikufundisha sataranji kwa wafalme wawili na askari mmoja tu. Ndivyo nilivyofundishwa. Enzi za Mwingereza nilikuwa nabandua magome ya miwati, ile miti ambayo magome yake hutengenezea ngozi, na mwalimu wangu alikuwa Zakaria, karani wa mizani. Mvua ikinyesha upimaji ulisimama, maana magome yaliyolowa huzidi uzito. Hapo alitoa ubao wake. Kila mara nilimkimbiza askari mbele, naye akamziba kwa mfalme wake.

"Acha pupa," aliniambia. "Mfalme atangulie kufungua njia, askari afuate."

Masika yote tulirudia hilo. Nilipomwomba anionyeshe mchezo unavyoanza, alicheka. "Jua kwanza kumaliza. Kuanza tutafika."

Akahamishiwa Makambako kabla hatujafika. Nilimfuata kwa miguu, nikaambiwa amekwisha pelekwa kwingine. Sikumwona tena.

Basi mimi najua kumaliza tu. Kila jioni huziweka kete zile tatu mezani, nikacheza pande zote mbili. Lakini umeandika kwamba shuleni kwenu mnafundishwa kuanza. Leo nimepanga kete zote thelathini na mbili kwenye ule ubao ulioniletea, kama zilivyochorwa kwenye boksi lake. Sijagusa hata moja. Likizo ikifika, njoo unionyeshe ipi hutangulia.

Babu yako