Kanzu ya Ubatizo ya Aliyemuua Mdogo Wangu

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie, na kama inawezekana unijibu kabla ya Jumapili hii ya ubatizo, maana maji yamenifika shingoni na sina wa kumwambia.

Mimi ni fundi cherehani, mlokole wa miaka ishirini na miwili, na kanisani kwetu ndiye ninayeshona kanzu nyeupe za ubatizo, kila mwaka, wala sijawahi kukataa, sasa mwezi uliopita mchungaji akaniletea karatasi ya vipimo vya watu kumi na mmoja, nikawa naisoma huku natunga uzi kwenye sindano, kufika wa tisa nakuta jina la yule dereva wa lori aliyemgonga mdogo wangu, kitinda mimba wetu, akafa palepale barabarani na bahasha ya vifungo mkononi, vifungo nilivyomtuma mimi mwenyewe, na wala si kumgonga tu, mshauri, ajali ni ajali, bali alisimama mahakamani akaapa kwamba marehemu alikuwa amelewa akajirusha mbele ya gari, mdogo wangu ambaye pombe hakuijua hata ladha, na aliyekuwa ananuka pombe siku ile ni yeye dereva, waliomshusha kwenye lori wote walisema hivyo lakini wakaogopa kwenda kutoa ushahidi, akaachiwa, na huu ni mwaka wa sita mama yangu haendi msibani wala harusini kwa mtu, anasema atakaaje na watu wakati wanajua mwanawe alikufa mlevi.

Leo huyohuyo ameokoka! Nasikia alisimama siku ya mkutano, akalia, akaongozwa sala ya toba isiyomaliza hata dakika mbili, watu wakapiga vigelegele, na mchungaji anasema dhambi zake zote zimefutwa, zote, hazikumbukwi tena, nami najiuliza, zimefutwaje wakati mimi niliyekosewa sijaulizwa? Miaka ishirini na miwili nafunga, naomba, nashonea kanisa bila kuchelewesha hata siku moja, halafu mtu anapita mlango uleule kwa dakika mbili, tukafike huko mbinguni tukae meza moja?

Sasa ngoja nikuambie nililolifanya, ila usinitukane. Kanzu ya ubatizo tunaipiga pindo pana chini, na ndani ya pindo tunashonea vyuma vidogo vizito, ili mtu akizamishwa isije ikaelea ikamwacha wazi. Kanzu kumi nimeziwekea vyuma. Yake sikuiwekea hata kimoja, nikaikatia kitambaa chepesi kuliko zote, pindo nikalinyoosha vizuri, ukiitazama huwezi kujua. Nilitaka aingie majini mbele ya kanisa zima kanzu impande mpaka kifuani, watu wamcheke, aonje aibu anayoishi nayo mama yangu. Jana mchungaji amekuja kuzikagua, akaishika hiyohiyo, akasema, "Fundi, kazi ya mikono yako Mungu anaiona." Nikaitikia amina. Tangu hapo chakula hakipiti, na nikipiga magoti kuomba, maneno hayatoki.

Nauliza jambo moja tu, mshauri. Hivi Mungu anaweza kumsamehe mtu kabla mimi sijamsamehe?

Ni mimi, Fundi Mwenye Kinyongo.

JIBU LA MSHAURI REDIONI

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine zote kwa sababu Jumapili haingoji mtu.

Kwanza, pole. Kumpoteza mdogo wako ni msiba mmoja. Kusingiziwa kwake akiwa kaburini, hawezi hata kujitetea, ni msiba wa pili, na nina hakika huo wa pili hakuna aliyekuja kukaa nanyi. Mimi nimelia nilipofika pale ulipomtaja mama yako, sikufichi.

Nimeshafuta machozi, sasa tugombane. Yaani ulitaka kumvua mtu nguo katikati ya ibada? Na wewe ungekaa benchi la ngapi kutazama, la mbele? Aka! Mchimba kisima huingia mwenyewe. Dereva hajagusa maji bado, na wewe huli, huombi.

Umeniuliza swali moja, nakujibu bila kuzunguka. Ndiyo, anaweza. Dhambi iliyokuumiza wewe ilimkosea Mungu pia, na aliyeibeba msalabani hakuja kukuomba ruhusa. Zile dakika mbili zisikuudhi. Sala ni fupi kwa sababu kazi ngumu ilishafanywa na mwingine, na ilimgharimu uhai wake. Wewe mwenyewe uliingia kwa mlango gani? Siku ulipookoka ulikuwa na kanzu ngapi za kumwonyesha Mungu? Hata moja. Ulipokelewa bure. Huko kufunga na kushona kote ni shukrani yako, mwanangu, si nauli, na ukianza kuihesabu kama nauli utamchukia kila abiria anayepanda baada yako.

Lakini usinielewe vibaya, na huyo dereva kama anasikiliza redio asinielewe vibaya. Kusamehewa si kufichiwa. Damu ya Yesu inafuta dhambi, haifuti ukweli. Mtu aliyetubu kwelikweli hurudi alikoharibu, na huyu alikoharibu ni kwa mama yako.

Kwa hiyo, ukizima redio, chukua wembe ufumue hilo pindo, utie vyuma kama kwa wengine. Usingoje moyo upoe, mikono itangulie. Kisha uibebe kanzu mwenyewe mpaka kwa mchungaji, umweleze ulilotaka kufanya. Anza na lako, tafadhali. Ukimaliza ndipo umweleze kiapo kile cha mahakamani, na umwombe amkalishe dereva chini kabla ya Jumapili amuulize. Kama toba yake ni ya kweli, ataingia nyumbani kwa mama yako, mbele ya majirani, aseme kwa kinywa chake mwenyewe nani alikuwa amelewa siku ile. Akikataa, hiyo ni kazi ya mchungaji na ya Mungu, si ya sindano yako.

Sikulazimishi kumkumbatia, wala kumkaribisha chakula. Msamaha si urafiki. Utamsamehe leo, kesho hasira itapanda tena, na utasamehe tena ukilia. Hivyo ndivyo tunavyosamehe sote.

Na njiani ukielekea kwa mchungaji, ligeuze swali lako. Yupo mtu uliyemkosea ambaye mpaka leo hajakusamehe. Mimi simjui, wewe unamjua. Mungu hakumngoja huyo ndipo akupokee.