Taa Inayowaka Ikiwa Imezimwa

Baba Neema,

Fundi Simiyu, yule wa redio na pasi karibu na stendi ya Kitale, amethibitisha leo asubuhi: taa uliyowatengenezea samaki wa Neema ilikuwa na umeme hata swichi ikiwa imezimwa. Ndiyo iliyomrusha binti yetu sakafuni jana jioni. Ameungua vidole viwili. Yu mzima, naye amelala nikiandika.

Alifanya ulivyomfundisha. Alizima swichi, kisha akashika fremu ya taa kwa mkono uliolowa ili aiinue aoshe kioo cha tangi la samaki.

Unakumbuka siku ulipoitengeneza. Stima ilikuwa imepotea, mvua inapiga mabati, nasi watatu tumeizunguka meza tukisubiri irudi. Ulikuwa umevunja balbu za LED, ukatoa vibao vyake vyenye vitaa na kuvigundisha kwenye alumini iliyobaki kwa fundi wa madirisha. Neema alikushikia waya. Stima iliporudi, maji yakawa ya samawati, ukacheka mpaka jirani akabisha hodi. Nilikupenda jioni ile, na hasira ya leo haiwezi kulifuta hilo.

Kisha ukazima, na taa ikabaki na mwanga hafifu. Nikakuuliza kwa nini.

"Hiyo nimewachia samaki, Mama Neema. Hata wao wanaogopa giza."

"Si tuite fundi aangalie?"

"Fundi gani aingie kwa nyumba yangu kufungua kazi yangu? Ati watu waseme nini?"

Simiyu alianza kwa kubadilisha kibao kimoja, mwanga ukabaki. Akabadilisha swichi, vivyo hivyo. Ndipo akazima na kugusa fremu kwa bisibisi ya kupimia umeme, nayo ikawaka. Alipofuata waya hadi mwisho, alikuta swichi umeiweka kwenye waya wa kurudisha umeme. Ule wenye moto, unaoleta umeme, uliupitisha moja kwa moja hadi kwenye vibao, na gundi ya kibao kimoja ilikuwa imebanduka, hivyo umeme ukahamia kwenye alumini. Mwanga ule haukuwa wa samaki. Ulikuwa dalili ya kosa, nawe ukautungia hadithi mtoto akakuamini.

"Huyu jamaa si mjinga," Simiyu alisema. "Solda yake ni safi. Shida yake alikuwa anajiangalia akifanya."

Nilipokupigia simu ulisema, "Si ni shoti kidogo tu, bana. Atazoea." Kisha ukauliza kwa nini nimemwachia fundi afungue kazi yako. Halafu ukaniambia, kwa furaha, kwamba umemtengenezea nyingine kubwa zaidi huko kwako Bungoma, kando ya kitanda atakacholalia likizo. "Na hiyo pia ukizima inabaki na kamwanga," ukasema. "Atafurahi sana."

Ulipotuacha Kitale nilikasirika, lakini yale yalikuwa ya watu wazima na nimeyamaliza. Hili sitalimaliza kwa kunyamaza. Umeambiwa mtoto ametupwa sakafuni, na kilichokuuma ni kwamba fundi mwingine ameona kazi yako. Hukuuliza ni mkono gani. Ni wa kulia, ule anaoandikia.

Simiyu atashuka Bungoma Alhamisi. Saa tatu asubuhi atakuwa mlangoni kwako. Mfungulie, umwonyeshe taa, usimame kando. Shule inafungwa Ijumaa. Akinipigia kuniambia umemzuia, Neema habebi begi.

Mama Neema