Kibanda cha Dago Chini ya Shuka

Hussen, leo nimefanya dhambi, wallahi hata sijui nianzie wapi.

Kile kibanda cha kuhama nacho dago, kule kambini tunakolala sisi wavuvi, nimekimaliza. Tukakifunika shuka makuti yasipeperuke, tukakibeba wanne mabegani kwenda pwani.

Watu wakadhani jeneza! Wakaacha kazi zao, wakaja kupokezana bega. Na mimi kimya. Kimya, Hussen! Kwa sababu kibanda kilikuwa kizito.

Mpaka Mzee Kibwana, na mguu wake ule mbovu, naye akapokea. Tulipokitua akaniuliza, "Marehemu ni nani? Nimemwombea njia nzima."

Nikafunua shuka. Akatazama makuti, akanitazama mimi.

"Basi dua zile chukua wewe, mwanangu."