Gauni la Mama kwa Kamba ya Zamani

Baba yangu mpendwa,

Umeamkaje huko Kilibula? Kifua kimetulia? Unakula sasa, au bado unasukuma sahani kama wiki ile tulipompoteza Mama? Mimi mwili ni mzima. Moyo umepasuka, sikufichi.

Habari niliyotaka kumpa Mama, pokea wewe: nimefaulu. Huku Ujerumani ushonaji unafundishwa sehemu mbili, siku kadhaa darasani, siku nyingine karakanani kwa bwana anayekulipa kidogo huku ukijifunza. Mwishoni watu usiowajua wanageuzageuza mishono yako, wanakupa diploma. Nikawaeleza kwamba barazani kwa Mama, aliponifundisha kushona, hakuna diploma. Mwanafunzi anampima mwalimu wake kwa kamba, anafunga fundo la kifua, la kiuno, la nyonga, kisha anamshonea gauni. Mwalimu akilivaa kanisani Jumapili, mtaa mzima unajua mwanafunzi huyo amemaliza.

Basi gauni la mtihani nikamshonea Mama. Kamba yenye mafundo ya vipimo vyake niliondoka nayo. Kabla ya kukata kitambaa nilipiga simu nikamwomba Neema, yule mwanafunzi wake wa mwisho, ampime upya, maana miaka imepita. Mama akamnyang'anya simu.

"Weye kata tu! Kamba ya zamani iko sawa, minye sijabadilika."

Akacheka, akanitania eti Wazungu wamenitia woga wa mkasi. Nikakata.

Baada ya mazishi ndipo Neema akaniambia kwa simu, analia, kwamba Mama alikuwa amekonda tangu mvua za kwanza, hata kitenge kilimzunguka mara mbili. Wote mlijua. Mlinificha ili nimalize masomo, naelewa, lakini imeniuma sana, Baba. Hata kumuuguza kwa maneno ya simu mlininyima.

Neema anaomba alivae yeye gauni hilo kanisani ili nihesabiwe kuwa nimemaliza. Hapana. Hakunifundisha yeye. Huku naitwa fundi, Kilibula bado sijamaliza, na sasa sitamaliza.

Gauni nalituma kwa mkono wa mama mmoja anayerudi kwao Sange, atakufikishia. Msilipunguze. Litundikeni juu ya cherehani ya Mama.

Nisalimie Neema, usimwambie nimekasirika. Msalimie na shangazi aliyemwogesha Mama, mwambie asante.

Najua lingemkaa kubwa mno. Lakini Mama angelibana kwa pini, angepita katikati ya kanisa polepole, wote walione.

Binti yako, mwanafunzi wa Mama,
Furaha