Kurasa Nne za Kuamia Ndege

Lilongwe, 4 Februari 2024

Dada Febronia,

Hujambo? Mama bado miguu inamsumbua? Mimi nipo, nakula ugali wa watu. Barua hii nimempa Anold wa lori, maana simu yangu siiamini.

Nimeona video ya mchezo wangu mlivyoucheza Ifakara. Onyesho la tatu liko wapi? Mjane anaporwa shamba la mpunga, halafu anaimba na kushukuru! Nasikia afisa utamaduni alizikata kurasa zake nne kwa kalamu nyekundu, nawe ukaitikia ndiyo mzee. Kwa kurasa hizo nilikimbia nchi. Umeniuza, dada.

Mdogo wako,
Damiani

Namawala, 20 Februari 2024

Damiani,

Shikamoo yangu imebaki mpakani? Sisi wazima. Mama hafiki hata kisimani, ila kukutaja haachi.

Wewe ulikimbia, sisi tukabaki na maneno yako. Salvatory wa kikundi chetu alilala mahabusu siku nne kwa sentensi uliyoiandika wewe. Fausta naye, mwigizaji mwenzetu, ana watoto watatu. Bila kibali hatupandi jukwaani, na bila kukata hakuna kibali. Ushujaa wa kutukana ukiwa ng'ambo hata mimi ningeuweza. Usiniandikie tena bila adabu.

Dada yako,
Febronia

Lilongwe, 9 Machi 2024

Febronia,

Habari za hapo. Adabu hupewa anayestahili. Ondoa jina langu kwenye mchezo huo, na andiko unirudishie lote, ndiyo nakala pekee. Afadhali mchezo ufe kuliko kuishi bila ulimi.

Damiani

Namawala, 26 Mei 2024

Mdogo wangu,

Salamu zako za Machi nimezitupa. Tupo mashambani, mpunga umetoa masuke na ndege hawa kwelea hawana huruma.

Jina lako nimeliondoa. Andiko sirudishi, nimelichoma. Kwanza tuligawana zile kurasa nne, kila mtu akakariri wake. Sasa tunaamia ndege wasile mpunga. Asubuhi napanda dungu langu, kichanja kirefu katikati ya shamba, napiga debe, napaza sauti: "Shamba hili mlilipima nikiwa msibani!" Salvatory ananijibu kutoka dungu lake ng'ambo ya mfereji, Fausta anadakia. Wapita njia wanashuka kwenye baiskeli, wanasikiliza mpaka mwisho. Sentensi zako ndefu nimezikata, upepo hauzibebi.

Yule wa kalamu nyekundu alikuja na pikipiki, akadai kibali. Nikamuuliza, tangu lini kufukuza kwelea kunaombewa kibali? Akaandika jina langu, akaondoka.

Usijisifu. Sikufanya kwa ajili yako. Mjane yule ni jirani yangu, namwona kila siku.

Bado dada yako,
Febronia

Lilongwe, 30 Juni 2024

Dada yangu Febronia,

Shikamoo. Na shikamoo zile mbili nilizokunyima.

Anold amenirudishia barua niliyokuandikia mwanzo wa mwezi, haijafunguliwa. Anasema walikushusha dunguni Jumamosi ya tarehe 22, na mpaka anaondoka huko hakuna aliyejua walikokupeleka. Nami niliandika kwa mkono wangu kwamba umeniuza. Naona aibu, dada.

Anasema Jumapili yake watu walidhani mashamba yatanyamaza. Mama akaomba abebwe hadi kwenye dungu lako, ngazi akaipanda kwa magoti. Kumbe ukurasa wako anaujua wote, ndiye aliyekuwa akikusikiliza ukikariri. Ameusema vile ulivyoukata wewe, na Salvatory akamjibu.

Barua hii atakutunzia mama. Ukirudi, niitikie.

Mdogo wako,
Damiani