Mchanga wa Ngoliba

Alhamisi, Membley

Maji bado ni mekundu. Leo nimempigia tena yule nahodha wa Malindi anayepeleka watu kutazama samaki. "Dada, mvua imenyesha huko kwenu bara, mto Sabaki umeshuka na tope lote mpaka baharini. Ukitumbukiza mkono huuoni."

Nikauliza, na Watamu je? "Huko afadhali kidogo. Lakini ngojeni bamvua, haya maji makuu, lipite, maji yapungue nguvu, mchanga utulie."

Tungoje! Kwani yeye anajua macho ya mama? Daktari alisema la kushoto limeenda na la kulia linafuata. Hakusema lini. Mama ameomba kitu kimoja tu, aone samaki wa rangi ndani ya maji yao, si kwa TV. Miwani ya kuzamia na mrija nilishamnunulia. Anajifunza kupumua nao kwa beseni huko Ngoliba, majirani wakimcheka.

Naogopa maji yatakuja kusafika wakati yeye... sitaki hata kuandika.

Jioni nimempigia, nikamwambia ukweli. Kwamba Sabaki ni Athi yetu hii hii inayopita chini ya shamba lake. Nilidhani atavunjika moyo. Akacheka.

"Kumbe huko ndiko shamba yangu inaendanga kila mvua! Shiru, nipeleke tu. Nikikosa samaki nitasalimia mchanga wangu."

Halafu akauliza, polepole, kama huko majini nitamshika mkono.

Nikasema ndiyo. Sijamwambia kwamba sijui kuogelea.