Bibi Mmoja Kule Papua

Jumapili, 5 Machi 2006

Leo nimemnyamazisha msomi! Chepkoech, yule Mkenya tuliyempangisha chumba cha juu, anasoma mambo ya lugha hapo yunivasiti. Yumo jikoni anasonga ugali, namuuliza, lugha gani hiyo, Kiingereza? Kacheka. Za Papua, babu, huko mbali, wewe huwezi kujua.

Mie! Nisijue mie!

Nikamwambia keti, mwanangu. Meli yetu ilikufa injini kule kwenye mdomo wa mto, mamako hajazaliwa. Nimelala kijijini kwao, nimekula sago yao, ule unga wa shina la mti, wakataka kunioza nikakataa — mke wangu Mwanakhamis akaguna huko sebuleni. Nikamtajia jina la kijiji.

Mwiko ukamponyoka.

Kumbe lugha ya kijiji kile ndiyo anayoihangaikia. Waliokuwa wakiisema wamekufa wote. Padri mmoja aliandika vijineno, vya samaki na mitumbwi, basi. Hakuna ajuaye ni ya ukoo gani.

Sasa yupo ajuaye. Yuko Selly Oak, hapa hapa Birmingham, anakunywa chai.

Jumanne, 7 Machi

Nimesomeshwa. Lugha zina koo kama watu. Huko Papua ziko mamia, nyingi hazijaandikwa vizuri, na wasomi wanagombana ipi ndugu wa ipi. Samaki na mitumbwi havisemi kitu, maana majina ya vitu watu wanaazimana. Yeye anataka chawa, maji, sikio. Na zaidi ya yote, mimi na wewe. "Mtu haendi kwa jirani kuomba 'mimi', babu."

Nikamwambia nyie Wakenya mmeazima Kiswahili kizima na mpaka leo hamjarudisha. Chai ikampalia.

Halafu nikampa. Mimi — nai. Wewe — gai. Yametoka yenyewe, kama jana!

Kaenda kwenye kompyuta yake. Karudi mbio, miguu mitupu. Yanafanana na ya watu wa milimani, ukoo mkubwa, lugha tele. Ile yatima imepata kwao! Profesa wake akikubali, atapata ufadhili, atakwenda Papua mwenyewe afanye hiyo pieichidii. Asipokubali, anarudi Eldoret mwezi wa tisa.

Akaniuliza, kwani watu wa milimani na wale wa mtoni walikuwa wanaelewana? Nikamwambia kabisa. Tulikuwa na baharia wetu wa milimani, aliposhuka tu bibi mmoja wa kijijini akamkumbatia, wakaongea kama mtu na shangaziye, bibi analia.

Chepkoech naye akalia kidogo. Mie mtamu wa hadithi, nifanyeje.

Ijumaa, 10 Machi

Baada ya sala nikawapa habari msikitini. Profesa anakuja kwangu! Na mashine ya kurikodi! Idarous akasema, yakhe, mwaka jana si kijiji kilikuwa Borneo? Nikamwambia Borneo ni hadithi nyengine, wewe ulikuwa umesinzia.

Njiani nikawa namfikiria. Idarous mtu wa Lamu, mie wa Unguja. Tumefanya kazi pamoja kiwandani Tyseley mpaka tumestaafu. Wanawe wananiita baba mkubwa. Anakohoa kama mie, anatukana kama mie. Akija msomi akatusikiliza nyuma ya mlango, ataandika hawa tumbo moja.

Atakuwa kakosea. Au hakukosea? Sijui.

Jumamosi, 11 Machi

Mwanakhamis kanivuruga.

Anakuna nazi, hata hakunitazama. Anasema, hiyo nai na gai si ya Pius?

Pius ndiye yule baharia wa milimani. Tulikuwa wote injinirumu miaka. Kelele mle, husikii hata roho yako, ndiyo tukawa tunaitana kwa lugha yake — gai! gai! — na kidole. Mke wangu anasema nilipomposa nilikuwa bado namwita yeye gai, nikamwambia ni maneno ya rafiki yangu.

Nikasema basi na kijijini walisema hivyo hivyo.

Akasema, labda. Na yule bibi?

Bibi gani?

Wa kumkumbatia Pius. Bibi huyo, baba Maulid, hakuwepo. Kaingia kwenye hadithi baada ya mwanetu Maulid kuzaliwa. Zamani Pius alikuwa anaongea nao kwa mikono.

Nikamwambia wewe endelea kukuna nazi yako.

Jumatatu, 13 Machi

Siku nzima nimemtafuta yule bibi. Namuona! Jino moja, shanga nyekundu. Lakini na meli ya Borneo naiona vile vile, na huko, baina yangu na karatasi hii, sijapata kufika.

Mtu haazimi mimi na wewe. Mie nimeazima. Kwa Pius, mle kwenye moshi, nikavichukua mpaka Birmingham. Au kijijini pia nilivisikia? Nimeisimulia mno. Ya masikio na ya mdomo wangu zimekaa chungu kimoja, zimeiva pamoja.

Kama nai na gai ni za Pius tu, basi wale marehemu wa mtoni nimewapachika kwenye ukoo wa watu wasiowajua. Na hakuna aliyebaki wa kusema hapana, sisi si wa huko.

Chepkoech kaninunulia halwa. Kaiweka mezani, kasema asante babu.

Nimeifunika kwa sahani, sijaionja.

Jumatano, 15 Machi

Profesa kesha kuja. Mrefu, mpole, soksi hazifanani. Mwanakhamis kawapa kaimati. Nimesema napanda kuvaa kofia, na kofia ninayo kichwani.

Nawasikia. Chepkoech anamhadithia profesa habari ya yule bibi, kwa Kiingereza. Anahadithia vizuri kuliko mie! Kamwongezea na mkono wa bibi kwenye shavu la Pius. Hiyo sikusema mie. Profesa anasema remarkable, remarkable.

Nikishuka nikasema sijui, mtoto anarudi Eldoret. Nikasema najua, maneno yangu yameandikwa, watoto wa watu watayasoma kama kweli.

Anaita. "Babu! Mashine iko on! Tunaanza na 'mimi'!"

Mwanakhamis kapanda. Yuko mlangoni na sahani tupu. Nilidhani atanitania. Ananitazama mdomo.

Nimemwambia, gai, ningoje, tushuke pamoja —